Waliopita kwa Miguu

Bukoba, 7 Septemba

Daftari hili nimepewa na kaka yangu Kashaija hapa uwanja wa ndege, kurasa mia mbili, jalada gumu. "Andika kila kitu, Mwalimu," amesema. "Usije ukatuletea hadithi za kukumbukakumbuka." Haya. Mimi ni Ephrasia Kokushubila, mwalimu mkuu mstaafu, mkazi wa Izigo, Muleba, miaka sitini na mitatu. Sijawahi kuandika shajara kwa sababu sijawahi kuwa na nafasi. Sasa ninayo miezi mitatu. Ninakwenda Uingereza kwa binti yangu Nancy, kukaa na mjukuu wangu Kamala wa miezi tisa wakati mama yake anajifunza kuendesha gari.

Jambo lenyewe liko hivi. Nancy ni muuguzi. Amepata kazi ya kuwazungukia wagonjwa majumbani, mchana tu, na Kamala angekuwa anashinda kwenye nyumba ya kulelea watoto. Lakini kazi inataka leseni kabla ya tarehe mosi Desemba, na mtihani wa udereva ameshindwa mara mbili. Akishindwa tena atarudi zamu za usiku hospitalini. Mumewe Rugambwa yuko melini hadi Februari, na hakuna nyumba ya kulelea watoto usiku. Tumekubaliana kwamba ikiwa hivyo, nitarudi na mtoto Izigo, akae miaka miwili au mitatu. Pasipoti yake iko tayari.

Na niseme ukweli mapema. Fundi Karugendo ameshaanza kuchonga kitanda kidogo. Nimemwagiza mimi, na Nancy sijamwambia.

Larkfield, 10 Septemba

Nimefika salama. Kamala amenitazama, akalia, akanitazama tena, akanishika pua. Tumeelewana.

11 Septemba

Mtaa una nyumba thelathini na moja za matofali mekundu, zote sare kama wanafunzi mstarini. Magari arobaini na manne. Watu bado sijawaona.

12 Septemba

Tumekaa dirishani mimi na Kamala tangu saa tatu hadi saa sita. Waliopita kwa miguu: wawili. Mmoja alikuwa na mbwa. Mwingine ni mleta vifurushi, na huyo alishuka kwenye gari, kwa hiyo nimemhesabu kwa kumwonea huruma.

15 Septemba

Nimekwenda dukani kununua chumvi. Nancy alisema, "Mama, subiri, nitaagiza kwa simu, wataleta." Chumvi iletwe na gari! Nikamfunga Kamala mgongoni kwa kitenge, nikashika njia.

Njia ya waenda kwa miguu ni nzuri kuliko sebule za watu wengi, ina lami na taa. Kisha mbele kidogo inakwisha tu, bila kuaga. Nikaendelea pembeni kwenye majani. Katika nusu saa yamesimama magari matatu. Wa kwanza mama mmoja, akashusha kioo: "Umepotea?" Nikamjibu, "Hapana, ninakwenda dukani." Wa pili: "Gari lako limeharibika?" Wa tatu kijana, akauliza kama apige simu polisi wanisaidie. Mimi niliyetembea Izigo hadi Kamachumu na Nancy mgongoni, nisaidiwe na polisi kununua chumvi! Nimewashukuru wote. Watu wa hapa wana roho nzuri, shida ni kwamba roho hiyo wameifungia ndani ya gari.

Waliopita kwa miguu: mimi na Kamala. Nimetuhesabu.

17 Septemba

Jumanne ndiyo siku ya mapipa ya taka, na ndiyo siku pekee watu wanatoka nje wote. Kila mtu anasukuma pipa, anataja hali ya hewa, anarudi ndani. Jirani wa kushoto ni mzee mrefu, Trevor. Ameniuliza jina. Nikamwambia Ephrasia. Akasema, "Nitakuita Effie." Nikamwambia, "Utaniita Mwalimu." Akacheka, lakini ameniita Mwalimu.

24 Septemba

Mvua. Waliopita: mbwa yuleyule na mtu wake.

29 Septemba

Nancy anapata somo moja kwa wiki. Leo amerudi uso umemshuka. Shida yake ni vipilefti. Hapa kila baada ya hatua chache kuna kipilefti, ile njia panda ya mviringo, na cha barabara kuu kina njia sita. Anafika pale, anasimama, wa nyuma wanampigia honi, anazidi kusimama. Mwalimu wake amesema anahitaji kuendesha kila siku, lakini sheria inamtaka mwanafunzi akae na mtu mwenye leseni ya siku nyingi. "Nani, Mama?" ameniuliza. "Miaka mitatu hapa, sina mtu wa kumgongea mlango."

Moyo wangu ulisema: basi kitanda kitapata mwenyewe. Niliona aibu kidogo. Kidogo tu.

5 Oktoba

Kashaija amepiga simu. Mvua imekolea Izigo, mibuni imeshika vizuri. Ameuliza nimeona nini. Nimemwambia nimeona majani yakianguka na kupulizwa kwa mashine upande wa jirani, na jirani akiyapuliza kurudi.

9 Oktoba

Ng'ambo ya barabara yuko mama anaitwa Jean. Ninamjua kwa mkono. Gari lake linatoka gereji, mlango wa gereji unajifunga wenyewe, mkono unapunga. Jioni mlango unafunguka, mkono unapunga, gari linaingia. Miguu yake sijaiona.

12 Oktoba

Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Tulikuwa tunakunja nguo. Nikasema huyu Trevor ni mtu mzuri, lakini mkewe mbona simwoni, yuko safari? Nancy akasema, bila hata kuacha kukunja, "Pauline? Alifariki mwaka jana, Machi."

Nguo ikaniponyoka. Wiki nne! Wiki nne ninamchekea mfiwa juu ya uzio, ninamuuliza habari za asubuhi, sijampa hata pole.

"Na wewe ulikwenda?"

"Mama, hapa hawaendi. Niliweka kadi mlangoni."

"Kadi!"

"Ndiyo desturi yao."

"Kadi inakaa na mtu? Kadi inachota maji? Nancy, ukuta wako na wake ni mmoja."

Akaendelea kukunja. Kwetu ukichelewa msiba, hata uwe mwaka, hata miaka miwili, siku unayosikia ndiyo siku yako ya msiba. Unakwenda, unalia, unakaa. Kabla ya hapo huna haki hata ya kunywa maji kwenye nyumba ile. Nitakwenda Jumamosi.

19 Oktoba

Naandika nikiwa nimechoka, na kicheko kimenibana mbavu, Mungu anisamehe.

Nimepika ndizi na maharage, sufuria zima. Nikafunga kitenge kiunoni, kitambaa kichwani, nikachukua na kahawa yangu ya kutafuna niliyotoka nayo nyumbani. Nancy na Kamala nimewaacha ndani. Saa kumi kasoro nikawa mlangoni kwa Trevor. Nikabonyeza kengele. Alipofungua tu, nikaachia sauti ya kilio kwa Kihaya, kama inavyotakiwa: "Mawe! Pauline waitu! Mawe, umetuacha!" Na niseme, sikuigiza. Nilipomwona amesimama pale na soksi za rangi mbili, machozi yalikuja yenyewe.

Trevor alishika mlango. "Mwalimu, kuna nini? Ni mtoto?"

Nikamwambia, "Nimesikia habari ya mke wako. Nimekuja kulia."

Hapo nikasikia mlango ng'ambo. Jean! Anakimbia kuvuka barabara, amevaa ndala za manyoya, simu sikioni: "Ndiyo, ni jirani yangu mzee, nadhani amefariki, kuna mama analia mlangoni kwake!" Akafika, akamwona marehemu mwenyewe amesimama ananitazama. Akashusha simu.

Nyumba ya pili nayo ikafunguka. Ya nne. Watu wakatoka, wengine na viatu, wengine bila. Niliwahesabu, sikuweza kujizuia: kumi na mmoja, wote kwa miguu. Nancy akatoka na Kamala, uso wake umeungua kwa aibu. Kabla hajaniambia kitu, gari la wagonjwa likaingia mtaani linapiga king'ora, wakashuka vijana wawili na begi.

"Nani mgonjwa?"

Hapo Trevor akasema, polepole, "Hakuna mgonjwa. Huyu mama amekuja kwa ajili ya Pauline."

Nilidhani watanikasirikia. Vijana wa begi wangekuwa na haki. Lakini Jean alianza kulia, pale barabarani, na ndala zake. Kumbe yeye na Pauline walikuwa marafiki wa miaka ishirini. Akamwambia Trevor, "Sikujua niseme nini, kwa hiyo sikuja. Kisha muda ukapita, nikaona haya kuja." Trevor akamjibu, "Niliona gari lako likipita kila siku."

Nikaona nisipoongoza mimi, watu hawa watarudi ndani. Nikasema kwa sauti ya paredi ya asubuhi: "Ndizi zinapoa. Ingieni."

Wameingia sita. Vijana wa gari la wagonjwa walikataa, wana kazi, ila mmoja amekula ndizi moja amesimama. Tumekaa. Sikusema neno, msibani hakuna haja. Mwanzo waliteseka, kila mmoja anatazama zulia. Halafu mmoja akasema Pauline alikuwa anaimba akiosha gari lake, mwingine akasema alikuwa anaimba vibaya, wakacheka, Trevor akacheka mpaka akavua miwani. Nikampa kahawa atafune. Aliitafuna kwa adabu kubwa na uso wa mtu anayemeza dawa.

Saa mbili ndipo tulipotoka. Mlangoni ameniuliza, "Mwalimu, nikulipe vipi kwa hili?" Nikamwambia halilipwi. Kisha nikatazama gereji yake, nikauliza, "Gari alilokuwa anaosha liko wapi?"

20 Oktoba

Lipo. Limefunikwa shuka. Dogo, jekundu, halijatembea tangu Machi ile.

Nancy amesema, "Mama, huwezi kwenda msibani ukarudi na gari." Nimemwambia sikurudi na gari, nimerudi na mwenye leseni.

27 Oktoba

Leo saa zote zimerudishwa nyuma, kwa amri, nchi nzima. Giza linaingia saa kumi na moja jioni. Gari la Pauline limepata betri mpya, bima na alama ya mwanafunzi. Trevor amekaa kushoto, Nancy usukani, wamezunguka mtaa mara nne. Jean alikuwa mlangoni kwake akitazama. Ana miguu ya kawaida kabisa.

31 Oktoba

Mazoezi ni kila siku, muda wa saa moja. Ninakaa nyuma na Kamala na nimekatazwa kusema.

4 Novemba

Nimesema. Nimekatazwa kupanda.

8 Novemba

Kashaija: senene, wale panzi wetu wa kula, wameanguka Bukoba, watu wamejaa kwenye taa na ndoo. Amenisikilizisha wakikaangwa, kwenye simu. Huo ni ukatili. Amesema pia Karugendo amemaliza kitanda, kimewekwa chumbani kwangu, kimewekewa mpaka chandarua.

Waliopita kwa miguu: wanne. Idadi inapanda.

14 Novemba

Mvua ya upande tangu asubuhi. Imebaki wiki moja kwa mtihani.

Saa tisa walirudi mapema. Trevor alipita moja kwa moja kwake, akaniambia tu, "Mwalimu, mpe chai." Nancy alikaa kwenye ngazi na koti lake lililolowa. Kipilefti kikubwa tena. Aliingia, lori likaja kulia, akaachia usukani akajifunika uso. Trevor ndiye aliyevuta breki ya mkono. Hawakuumia.

Nikampa chai. Hakunywa. Akasema kwa Kihaya, sauti ndogo, kama alipokuwa darasa la tatu: "Mae, mchukue tu. Nimechoka. Nafuta mtihani. Mchukue Kamala Izigo."

Nitaandika yote, kwa sababu Kashaija alisema kila kitu. Nilifurahi. Furaha ilipanda haraka kiasi kwamba nilishika reli ya ngazi. Nilimwona Kamala kwenye kibanja changu cha migomba, anafukuza kuku, anaitwa kwa jina na kila anayepita. Nilishafungua mdomo niseme ndiyo, mwanangu, pumzika. Ningekuwa mama mwema na mwizi kwa neno moja.

Kamala alikuwa sakafuni. Akatambaa hadi kwenye ngazi, akajivuta kwa suruali ya Nancy hadi akasimama, akaweka kichwa gotini kwake. Kwangu hakugeuka hata kidogo. Nancy hakumgusa. Aliweka mikono yake chini ya mapaja, kama mtu anayejizoeza kutokuwa naye.

Nikasema, "Simchukui."

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana ukishindwa. Hujashindwa, umelowa tu. Na sikiliza, nina dhambi ya kukuambia. Nilishamchongea kitanda. Tangu Septemba. Nilikuwa naomba huku ninajua ninachoomba."

Akanitazama. "Ulikuwa unaomba nishindwe?"

"Siku nyingine. Leo naacha. Leta maharage."

"Maharage?"

"Kopo zima. Kaa mezani."

Nimefundisha watoto wa Izigo kugawanya kwa maharage miaka thelathini na minne, sijui kwa nini sikuanza huko. Nikaweka sahani katikati ya meza, ikawa kipilefti. Vijiko vikawa barabara. Harage jekundu ni Nancy, meupe ni wengine. Nikawa ninamletea lori kutoka kulia, nikaliharakisha, nikalichelewesha, ninamuuliza: unaingia au unasubiri? Anajibu kwa mkono. Alipokosea tulirudia bila kusema neno. Trevor alisikia vijiko ukutani, akaja na mwavuli kuuliza kulikoni. Akavuta kiti. Dakika kumi baadaye alikuwa amegombana nami kuhusu njia ya tatu, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tulicheza hadi Kamala akala lori.

17 Novemba

Jua! Tulikuwa nje mbele ya nyumba, Jean amekuja na keki. Kamala aliachia kitenge changu, akatembea hatua tano hadi kwa Trevor, akaanguka, akanyanyuka, akaongeza tatu. Mtaa umepiga makofi.

Waliopita kwa miguu: saba, na mmoja wao ni Kamala.

19 Novemba

Kipilefti kikubwa mara sita, bila kusimama. Trevor amesema, "Sasa anaendesha kama mwizi mwenye adabu." Nimeruhusiwa kupanda tena.

21 Novemba

Amefaulu.

22 Novemba

Jana sikuweza kuongeza neno. Alikuja anakimbia kutoka kwenye gari, ameacha mlango wazi, akanikumbatia na karatasi ikakunjana kati yetu. Nimefurahi sana. Kisha nimeingia chooni nikafungulia bomba nikalia kwa ajili ya kitanda. Yote mawili ni kweli, na la pili limenichukua muda mfupi kuliko nilivyotegemea.

26 Novemba

Nancy ameendesha peke yake kwenda kuonyesha leseni kazini. Tulikaa dirishani. Waliopita kwa miguu: hakuna, mvua. Waliopita kwa gari: wengi, mmoja wangu. Amepiga honi. Kamala amegonga kioo kwa viganja vyote viwili.

Nilimwambia jioni: "Gari ni la kazi. Jumamosi unatembea mpaka kwa Trevor. Ni hatua tisa, nimezipima." Ameahidi.

3 Desemba, uwanja wa ndege

Amenileta mwenyewe, saa mbili na nusu za barabara kuu, kwenye mvua, mikono yake imetulia. Vipilefti kumi na vinne. Sikusema hata neno moja, na wote wawili tumejua hiyo ni zawadi. Kamala alilala njia nzima. Nilimbusu bila kumwamsha.

Izigo, 6 Desemba

Nyumbani. Harufu ya mvua na moshi. Tangu asubuhi watu wanaingia kunipa pole ya safari. Kashaija alipokea begi, akatazama nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa mama yake."

"Kwani binti amefaulu?"

"Amefaulu. Nimemfundisha."

"Wewe? Wewe huwezi kuendesha hata baiskeli, Mwalimu."

"Nani amekuambia inahitajika?"

Karugendo naye alikuja, akasimama mlangoni pa chumba, akauliza akichukue kitanda akiuze. Kizuri kweli, kimechongwa majani ya mgomba pembeni. Nimemwambia kisiguswe. Nikatoa chandarua, nikakunja, nikaweka juu yake, nikafunga mlango.

Saa kumi nilikaa barazani nikaanza kuhesabu, kwa mazoea. Nilifika arobaini na saba, na wote walisalimia, nikaacha maana nilikuwa ninajibu zaidi ya kuhesabu. Mmoja alikuwa mtoto mdogo anavutwa mkono na bibi yake. Nilimtazama mpaka walipokata kona.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa Nancy, na picha: Trevor dirishani kwetu kule, ameshika daftari dogo na kalamu. "Mama, nimerudi kazini nimemkuta hivi. Jean amemchukua Kamala kule anakolelewa, wamerudi wakitembea. Trevor ameniambia nikuandikie hesabu ya leo, anasema usipoteze takwimu: watano. Mbwa na mtu wake, Jean, kijana wa vifurushi aliyeacha gari mwanzo wa mtaa kwa sababu anasema unamhesabu. Na wawili wa mwisho ni yeye Trevor na Kamala, wameshikana mikono, wamekwenda mpaka njia inapokwisha na kurudi."

Nimejumlisha. Mbwa na mtu wake amewahesabu kama mmoja. Kwa hesabu hiyo ni watano. Nimeandika watano.